Kampuni Kubwa Yenye Mkono Serikalini Inapoyumba: Namna Msambazaji Anavyolinda Fedha Zake

Agrokor, kundi kubwa la vyakula na maduka la Kroatia, ilipoanza kuyumba mwanzoni mwa 2017, wasambazaji wengi wa nchi hiyo walijipa moyo kwa hoja moja: kundi hili serikali haiwezi kuliacha lianguke. Lilikuwa na wafanyakazi takriban 60,000 katika nchi kadhaa. Lilimiliki maduka ya Konzum, aiskrimu ya Ledo, maji ya Jamnica, mafuta ya kupikia ya Zvijezda, vibanda vya magazeti vya Tisak na mashamba ya Belje. Waziri wa Fedha, Zdravko Marić, alikuwa amefanya kazi katika uongozi wake kabla ya kuingia serikalini Januari 2016.

Hoja ilikuwa ya kweli. Serikali ilikuja. Tarehe 6 Aprili 2017 Bunge lilipitisha sheria ya usimamizi wa dharura kwa kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 5,000 na madeni ya zaidi ya bilioni 7.5 za kuna, sarafu ya Kroatia ya wakati huo, na kila mtu alijua imeandikwa kwa ajili ya nani. Siku nne baadaye mahakama ilifungua shauri na Ante Ramljak akakabidhiwa usimamizi. Lakini kuanzia siku hiyo hiyo, msambazaji aliyekuwa anadai fedha za mzigo wa Januari hakuweza tena kushtaki, kukamata mali wala kuvuta fedha kwenye akaunti ya mdaiwa. Uokoaji ulilenga maduka, ajira na mabenki. Ankara za zamani ziliwekwa kwenye foleni, na nafasi ya kila mtu kwenye foleni ilikuwa imeshaamuliwa na karatasi alizosaini miezi mingi nyuma.

Mwongozo huu ni wa anayepeleka bidhaa au huduma kwa kundi la namna hiyo: mkulima, mwenye kiwanda kidogo, msafirishaji, mchapaji. Mfano wetu mkuu ni Agrokor kwa sababu kumbukumbu zake ziko wazi hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Kenya waliopitia anguko la maduka makubwa ya Uchumi mwaka 2006 na Nakumatt mwaka 2018 watayatambua mengi humu.

Jua nani hasa anakuwia deni

Kundi la makampuni halisaini kitu. Anayesaini oda ni kampuni moja yenye namba yake ya usajili, na ni hiyo tu unayoweza kuidai. Chukua karatasi nne za mzigo mmoja: LPO (oda ya ununuzi), hati ya kupokelea mzigo yenye muhuri wa ghala, ankara yako, na taarifa ya benki inayoonyesha nani alikulipa mara ya mwisho. Linganisha jina na namba ya usajili kwenye zote nne. Mara nyingi utakuta oda imetoka kampuni tanzu, mzigo umepokelewa na kampuni ya maghala, na malipo yametoka kampuni mama. Wakati wa amani hilo halimsumbui mtu. Siku ya ufilisi, msimamizi atakuambia mdaiwa wako ni mwingine.

Dai marekebisho kwa maandishi sasa, wakati ofisa manunuzi bado anapokea simu zako. Barua fupi inatosha: "Tunathibitisha kwamba mnunuzi na mdaiwa wa oda namba fulani ni kampuni fulani, namba ya usajili fulani." Isainiwe na mkurugenzi au mtu mwenye idhini ya maandishi.

Kisha tafuta kumbukumbu za kampuni hiyo. Kenya utapata hati ya CR12 kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Tanzania utaomba upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Usiishie kwenye majina. Omba pia orodha ya dhamana zilizowekwa juu ya mali, kwa sababu hapo ndipo utajua benki gani imeshachukua magari, mitambo, bidhaa za ghalani na hata madeni ya wateja. Ukikuta kila kitu kimewekwa rehani, wewe uko nyuma ya benki hata kama sabuni iliyoko rafuni ni yako.

Kama hesabu za mwaka zinapatikana, fungua maelezo ya nyuma na utafute sehemu ya dhamana walizotoa kwa niaba ya wengine. Hili liliwaumiza watu vibaya kwa Ledo na Jamnica. Zilikuwa kampuni nzuri zenye wateja na faida, na aliyeziuzia alijiona salama. Lakini zilikuwa zimedhamini hatifungani na mikopo ya kampuni mama, kwa hiyo mama alipoanguka madeni yake yalitua juu yao. Wanahisa wadogo wa kampuni hizo walibaki na hisa zisizo na thamani.

Pima siku, na usizitegemee hesabu zilizokaguliwa peke yake

Kipimo kinachosema ukweli mapema kuliko vyote ni idadi ya siku kati ya kupeleka mzigo na fedha kuingia benki. Kiandike kila wiki kwa kila kampuni ya kundi hilo, ukihesabu malipo halisi badala ya tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba.

Chukua msambazaji anayeuza bidhaa za shilingi milioni 12 kwa mwezi. Akilipwa baada ya siku 90, fedha zake zilizo nje ni milioni 36. Mnunuzi akisogeza hadi siku 150, zilizo nje zinakuwa milioni 60, bila katoni moja ya ziada kuuzwa. Hizo milioni 24 ni mkopo usio na riba wala dhamana, na msambazaji ameutoa bila kuombwa. Mara nyingi yeye mwenyewe amezikopa benki kwa riba.

Siku zikirefuka kwa robo ndani ya miezi mitatu, chukulia kwamba kuna tatizo la fedha hata kama maduka yamejaa. Dalili nyingine zinazokwenda pamoja na hiyo ni hizi: malipo ya vipande vya tarakimu za mviringo yasiyolingana na ankara yoyote, ofisa wa malipo anabadilika mara mbili kwa mwaka, unaombwa punguzo kubwa ili ulipwe mapema, oda zinaongezeka ghafla huku malipo yakipungua. Hii ya mwisho ndiyo inayowanasa wengi, maana inafanana na biashara kukua. Kumbe kampuni inajaza maghala kwa mkopo wako kwa sababu benki zimeshakataa.

Hesabu zilizokaguliwa zisome, lakini zisikulaze. Agrokor ilikuwa na hesabu zenye saini za wakaguzi mwaka baada ya mwaka. Wakaguzi wapya wa kampuni ya ukaguzi ya PwC walipozipitia upya, matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2017 yalionyesha hasara ya takriban kuna bilioni 11 kwa mwaka 2016, na mtaji ulio chini ya sifuri kwa zaidi ya kuna bilioni 14. Kwa kiwango cha wakati huo, euro moja ilikuwa karibu kuna 7.5. Ukurasa wa kuuangalia kwanza ni ule wa mtiririko wa fedha taslimu. Kampuni inayotangaza faida kila mwaka huku shughuli zake hazileti fedha za kutosha kulipa riba, inaishi kwa kukopa.

Habari za magazetini huja zikiwa zimechelewa. Agrokor ilichukua mwaka 2014 mkopo wa euro milioni 485, wakati wa kuinunua Mercator, kampuni ya maduka ya Slovenia. Ulikuwa wa aina ambayo riba hailipwi, inarundikwa juu ya deni. Januari 2017 ilijaribu kukopa upya ili iulipe, ikakosa masharti ya kueleweka na kurudi nyuma. Mwezi huo huo Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, ikaishusha daraja. Machi, ilijulikana kwamba Sberbank ya Urusi, iliyokuwa ikidai takriban euro bilioni 1.1, haitaongeza tena. Mwanzoni mwa Aprili mwanzilishi, Ivica Todorić, akakabidhi funguo. Kutoka dalili ya kwanza ya hadharani hadi mlango kufungwa ni takriban miezi mitatu. Msambazaji anayelipwa kwa siku 120 na akasubiri gazeti ndipo ashtuke, mzunguko wake mzima ulikwama ndani.

Hati za ahadi: sehemu inayoua wasambazaji wengi zaidi

Agrokor ililipa sehemu kubwa ya wasambazaji kwa hati za ahadi ya kulipa baadaye. Msambazaji mwenye njaa ya fedha aliipeleka hati kwa benki au kampuni inayonunua madeni, akapewa fedha zake pungufu kidogo, akaona mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Hati nyingi ziliuzwa kwa masharti kwamba mdaiwa asipolipa, mnunuzi wa hati anarudi kwa aliyemuuzia. Kwa hiyo Aprili 2017 watu waliodhani walishalipwa walijikuta wanadaiwa fedha ambazo walishazitumia kwa mishahara na mbegu, huku Agrokor yenyewe ikiwa chini ya kinga ya mahakama. Suala la nani abebe mzigo wa hati hizo likawa miongoni mwa magumu zaidi katika mazungumzo yote ya kulinusuru kundi.

Kabla ya kuuza ankara au hati yoyote ya kundi kubwa, tafuta kifungu kinachosema nani anabeba hasara mdaiwa akishindwa. Kama kinakurudia wewe, hujauza deni. Umekopa kwa kuweka deni kama rehani. Liandike hivyo kwenye vitabu vyako. Ankara ya milioni 10 iliyouzwa kwa milioni 9.4 kwa masharti hayo ibaki kwenye orodha ya fedha zako zilizo hatarini hadi mdaiwa atakapolipa kweli.

Ulizia bei ya mauzo yasiyokurudia. Itakuwa ghali zaidi, na ughali wenyewe ni taarifa: mnunuzi wa madeni akikataa kabisa kununua jina la mteja wako bila haki ya kukurudia, ameshakuambia anavyouona uwezo wa mteja huyo. Uliza kila robo mwaka hata kama huna nia ya kuuza.

Na usikubali kubadilishiwa ankara iliyopitiliza kwa hati mpya ya siku 180 bila kupata kitu mkononi: dhamana ya benki, sehemu taslimu, au sahihi ya kampuni tanzu yenye mali. Ukikubali bure, umefuta tarehe ya zamani iliyokuwa inakusaidia kisheria.

Punguza kilicho nje kabla hakijafungiwa

Weka kikomo cha fedha, kisha ukiheshimu. Kikomo cha busara ni kiasi ambacho kikipotea chote utaweza bado kulipa mishahara ya miezi mitatu na kununua malighafi ya mzunguko mmoja. Kihesabu kwa kundi zima, kwa sababu kampuni tano za mmiliki mmoja zitaanguka siku moja. Kikifika, lori halitoki mpaka fedha ziingie.

Kuachana ghafla na mteja mkubwa ni vigumu, kwa hiyo shuka kwa ngazi. Wiki nne za kwanza, peleka mzigo wa thamani sawa na malipo yaliyoingia wiki iliyotangulia. Halafu robo tatu ya malipo. Halafu nusu. Deni linashuka huku uhusiano ukiendelea, na ofisa manunuzi ana sababu ya kukutetea kwa mabosi wake, kwani bila malipo bidhaa hazifiki.

Andika kwenye mkataba kwamba bidhaa zinabaki mali yako hadi zilipwe. Kifungu hiki hufanya kazi kwa bidhaa inayotambulika: friji yenye namba, katoni yenye namba ya toleo. Kwa maziwa, nyanya au unga uliokwisha kumwagwa kwenye pipa la wengine hakina nguvu. Kenya, haki ya namna hii iandikishwe kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika chini ya sheria ya 2017, la sivyo benki iliyojiandikisha itakutangulia. Andikisha kabla ya kukabidhi mzigo.

Deni likiwa limepitiliza na mazungumzo hayaendi, kuna notisi ya kisheria. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, dai la maandishi la shilingi 100,000 au zaidi lisilolipwa ndani ya siku 21 linaweza kuwa msingi wa kuiomba mahakama itamke kwamba kampuni haiwezi kulipa madeni. Kabla hujaituma, pima: mara nyingi huleta malipo kwa aliyetuma wa kwanza, lakini kwa kampuni iliyo ukingoni inaweza kuharakisha anguko ukiwa bado una mzigo ndani.

Wapo watakaokushauri umpigie simu mheshimiwa fulani. Hiyo simu haina nafasi kwenye orodha ya wadai. Wakati unasubiri majibu ya simu hiyo, lori jingine limeshatoka.

Siku ya kwanza ya usimamizi

Zuia malori yaliyo njiani. Mzigo ambao haujagongewa muhuri wa kupokelewa bado uko mikononi mwako. Tuma mtu kwenye kila ghala na tawi ahesabu bidhaa zako zilizopo, apige picha zenye tarehe, aandike namba za matoleo, na ampe meneja wa tawi nakala asaini. Fanya hivyo ndani ya saa 48. Baada ya wiki mbili bidhaa zitakuwa zimeuzwa na hakuna atakayebishana na rafu tupu.

Funga daftari la zamani. Kila kinachotokana na mzigo uliopelekwa kabla ya tarehe ya amri ya mahakama ni deni la zamani. Kinachopelekwa baada yake ni gharama ya usimamizi, na gharama ya usimamizi hulipwa mbele ya madeni ya zamani. Anza mfululizo mpya wa namba za ankara, ili malipo mapya yasije yakahesabiwa dhidi ya deni la zamani au kinyume chake. Makosa ya namna hii yamewapotezea watu fedha ambazo walikuwa na haki nazo kamili.

Usipeleke mzigo mpya kwa maneno ya meneja wa tawi. Dai oda iliyosainiwa na msimamizi au mtu aliyepewa idhini naye, na muda wa malipo usizidi siku 7 hadi 15. Msimamizi anakuhitaji: duka lisilo na bidhaa halina thamani kwa mtu yeyote. Kwa Agrokor, sehemu ya fedha mpya ilitumika kulipa madeni ya zamani ya wasambazaji ili bidhaa ziendelee kufika, na wakulima wa familia pamoja na wafanyabiashara wadogo kabisa walitangulizwa. Ukiwa unauza kitu ambacho hakina mbadala wa haraka, omba sehemu ya deni la zamani ilipwe kama sharti la kuendelea, na uombe mapema.

Kama na wewe unadaiwa na kampuni hiyo kodi ya rafu, mchango wa matangazo au bidhaa zilizorudishwa, usilipe kabla mwanasheria hajaangalia uwezekano wa kukata madeni yenu, hili kwa lile. Shilingi unayoikata inakurudia nzima. Unayoidai kwenye foleni inarudi vipande.

Na kama unauza pia kwa tawi la nchi nyingine, angalia kama amri ya mahakama inafika huko. Kinga ya Agrokor ilitambuliwa na mahakama ya London Novemba 2017, lakini Mahakama ya Juu ya Slovenia ilikataa kuitambua Machi 2018. Mdai mwenye madai Slovenia alikuwa na njia ambayo mwenzake wa Kroatia hakuwa nayo.

Kuwasilisha dai

Kuna tarehe ya mwisho, na haina huruma. Kwa Agrokor ilikuwa siku 60, hadi tarehe 9 Juni 2017. Yaliwasilishwa madai ya takriban kuna bilioni 58, na zaidi ya bilioni 16 zikapingwa. Sehemu ya pingamizi zilitokana na deni moja kudaiwa mara mbili, mfano msambazaji na mwenye hati yake wote wawili, au mkopeshaji mmoja kudai kampuni mama na kila mdhamini.

Bahasha yako iwe na barua ya dai inayotaja jina kamili na namba ya usajili ya mdaiwa, jedwali lenye namba ya ankara, tarehe, namba ya LPO, namba ya hati ya kupokelea, kiasi, malipo yaliyokwishaingia na salio, nakala za karatasi hizo kwa mpangilio ule ule wa jedwali, mkataba, na taarifa ya mwisho ya ulinganishaji wa hesabu iliyosainiwa na pande zote mbili. Hii ya mwisho ni silaha kuliko nyingine zote, kwa hiyo jizoeze kuipata kila mwezi wakati mambo bado mazuri. Riba ihesabiwe hadi tarehe ya kufunguliwa kwa shauri tu, isipokuwa sheria ya mahali inaruhusu zaidi. Kama una dhamana, iandike wazi. Ukijisajili kama mdai wa kawaida huenda ukashindwa kurudi juu. Peleka ana kwa ana, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Ujue pia waliokutangulia. Kenya, baada ya gharama za usimamizi huja mishahara ya miezi minne kwa kiwango kisichozidi shilingi 200,000 kwa mfanyakazi, kisha kodi, na hayo yote ukiacha benki zenye rehani.

Kabla ya kupiga kura

Msimamizi akileta fedha mpya, soma masharti yake siku hiyo hiyo. Juni 2017 Agrokor ilipata mkopo wa euro bilioni 1.06 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Knighthead ya Marekani pamoja na mabenki. Nusu ilikuwa fedha mpya. Nusu nyingine ilikuwa madeni ya zamani ya watoaji hao hao, yaliyopandishwa daraja: kila euro mpya ilibeba euro moja ya zamani hadi mbele ya foleni. Msambazaji ambaye hakuwa na la kusema alisukumwa nyuma kwa karatasi moja. Ndiyo maana inafaa kuungana mapema: wasambazaji 40 wenye madai madogo wakimchagua mwakilishi mmoja na mwanasheria mmoja, wanapata kiti kwenye baraza la wadai; wakija mmoja mmoja wanapewa fomu.

Muulize msimamizi maswali matatu kwa maandishi: kampuni iliyosaini oda zangu ina mali za kiasi gani peke yake, nani yuko mbele yangu kwenye kampuni hiyo hasa, nitapata nini tukikataa mpango na mali zikauzwa. Kwa Agrokor thamani ilihesabiwa kampuni kwa kampuni, na makubaliano yaliyopigiwa kura tarehe 4 Julai 2018 yakampa kila mdai kulingana na kampuni aliyoidai. Bila majibu hayo huwezi kujua kama asilimia unayopewa ni haki au ni huruma.

Angalia pia unalipwa kwa nini. Mali za Agrokor zilihamishiwa kundi jipya la Fortenova tarehe 1 Aprili 2019, na wadai wengi walipokea vyeti vya umiliki na hatifungani za kugeuzwa hisa kupitia taasisi iliyosajiliwa Uholanzi. Karatasi za namna hiyo hazilipi mishahara mwezi ujao. Uliza kama kuna soko la kuziuzia, nani anaruhusiwa kuzinunua, na kama unaweza kuchagua fedha kidogo taslimu badala yake. Mwite mhasibu kabla hujasaini: ziandike kwa thamani ambayo mnunuzi wa leo angelipa, na uulize mamlaka ya kodi utaratibu wa kurejeshewa VAT uliyokwisha kuilipa kwa mauzo ambayo hukupokea fedha zake, kwani maombi hayo yana ukomo wa muda na yanataka ushahidi ule ule uliouweka kwenye bahasha ya dai.